Zamu ya Alasiri

Barua pepe hiyo ilinikuta kazini, wakati wa mapumziko ya mkutano niliokuwa nikiwatafsiria wahandisi wawili waliokuwa wakigombania bomba, mmoja kwa Kifaransa, mwingine kwa Kiingereza. Ilikuja kwenye anwani yangu ya zamani, niliyoifungua nikiwa mwanafunzi, ambayo siku hizi hupokea tu matangazo ya dawa za kuotesha nywele, na nakiri kwamba huwa nayasoma. Aliyeandika alikuwa mwanamke wa kisiwa kimoja kaskazini mwa Uskoti. Alisema mama yake, Edna, amefariki mwezi uliopita, na kwamba ndani ya kitabu chake cha anwani aliikuta hii yangu, na mbele yake jina moja tu, Kapinga, limepigiwa mstari mara mbili. Mama yake alimtaja Kapinga mpaka wiki yake ya mwisho. Kama mimi ndiye Kapinga, au kama najua aliko, basi tafadhali nimfikishie habari hii kwa upole, maana walipendana.

Nilirudi mkutanoni nikatafsiri bomba kuwa daraja. Wahandisi walikubaliana papo hapo, jambo ambalo halikuwa limetokea tangu asubuhi, na ikabidi niwarudishe kwenye ugomvi wao.

Kapinga alikufa miaka kumi na saba iliyopita, kwenye barabara ya Kasomeno, akiwa na miaka ishirini na minne. Hilo ni jambo la kwanza ambalo binti yake Edna hakulijua. La pili ni kwamba yule Kapinga ambaye mama yake alimpenda alikuwa, kila siku ya kazi kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa sita mchana, mimi.

Nani alizaliwa na nani, nani ukoo wake ulitoka Kasai na nani alikuwapo hapa kabla ya migodi, hayo nayaacha. Lubumbashi tumeyaongea mpaka yakatuumiza. Mwaka huo mimi na Kapinga, msichana wa darasa langu, tulikuwa mwaka wa mwisho, idara ya Kiingereza, na hatukujua Kiingereza. Tulijua habari zake. Tungeweza kukueleza vokali zake zilivyohama karne kwa karne, lakini mgeni akituuliza njia ya kwenda posta tulimwonyesha kwa kidole. Tulifundishwa Kiingereza kwa Kifaransa, kama mtu anayefundisha kuogelea kwa kuchora bwawa ubaoni. Wakati huohuo ofisi za migodi zilikuwa zikifunguliwa kila upande wa mji, na kwenye mahojiano hakuna aliyeuliza vokali. Waliuliza umeamkaje, umesafirije, mvua hii unaionaje. Watu wenye diploma walitoka mle ndani mashati yamelowa.

Cyber ya Papa Sylvain, tulikolipia intaneti kwa saa, ilikuwa chumba kirefu chembamba kilichokuwa zamani duka la viatu. Rafu zilibaki ukutani, na kilibaki pia kile kioo cha chini, cha kutazamia miguu, hivyo ukikaa kwenye mashine ya saba uliona viatu vya kila aliyeingia kabla ya kuona uso wake. Mashine ya saba, iliyoachwa na mhandisi aliyerudi kwao, ndiyo pekee iliyoweza kubeba ile dunia. Hivyo ndivyo tulivyoiita, ile dunia: mahali ndani ya mtandao ambapo unapewa mwili, unatembea nao, unakaa, unazungumza na watu wenye miili kama wako, na kila mmoja wao kwa kweli amekaa peke yake mahali fulani mbele ya skrini. Kapinga ndiye aliyeigundua, aliposoma kwamba humo kuna watu wanaofundisha Kiingereza cha kuongea. Papa Sylvain alituapia kwamba mashine moja inabeba mtu mmoja tu, mwili wa pili utaiua. Haikuwa kweli. Lakini tulikuwa wasomi, na msomi akishapewa jibu kwa sauti nzito haulizi tena. Tukafungua mwili mmoja, wa kike, tukaupa jina la Kapinga na anwani yangu ya barua pepe, tukagawana siku. Asubuhi yeye aliuza vikwembe, yaani vitenge, sokoni kwenye meza ya shangazi yake. Alasiri mimi nilikuwa na profesa aliyesimamia kazi yangu ya mwisho. Asubuhi ikawa yangu, alasiri yake.

"Bantu babili mu mwili moja," alisema Papa Sylvain. "Inabakia moja tu, mufanye Utatu Mutakatifu."

Tatizo lilionekana siku ya pili. Kapinga aliingia alasiri akakuta watu wanamuuliza habari za kaka zake watatu, ambao niliwazaa mimi asubuhi kwa kukosa la kusema. Nilipomkuta jioni kwenye benchi la nje, alikuwa anakula mikate ya moto na hakunikaribisha.

"Profesa," alisema. Aliniita hivyo kwa sababu nilikuwa nasahihisha watu. "Juu ya nini umenipatia kaka tatu? Miye sina kaka hata moja. Sasa nitabaweka wapi?"

"Waseme wamesafiri."

"Bote? Siku moja?"

Ndipo akabuni daftari. Katika nchi yetu hakuna mtu anayeacha kiti bila remise-reprise: anayeondoka na anayeingia wanakaa meza moja, wanaandika orodha ya kila kilichomo, hata feni mbovu, wanatia saini wote wawili, huyu amekabidhi, yule amepokea. Waziri anafanya hivyo, msimamizi wa zamu mgodini anafanya hivyo, hata kiongozi wa darasa letu alikabidhi chaki na dasta kwa karatasi yenye saini. Kapinga alisema na sisi tutafanya hivyo na mwili. Kila saa sita mchana, kwenye benchi lile, kati ya mikate na vumbi la Toyota, nilimkabidhi Kapinga nafsi yake mwenyewe, naye jioni akanirudishia. Daftari lilikuwa la jalada la bluu. Tuliandika mwili umeachwa wapi, umevaa nini, umesema nini na nani, maneno mapya ni yapi. Na chini kabisa palikuwa na kichwa alichokipigia mstari, Ahadi. Alichoahidi mmoja kilimfunga mwingine. Yeye akimwahidi mtu kumweleza jinsi ya kusonga bukari, ugali wetu, mimi kesho asubuhi nilisonga kwa maandishi, na kwa sababu nilikuwa sijawahi kusonga bukari maishani mwangu, yuko daktari wa meno wa Brazil ambaye nadhani mpaka leo anapika gundi. Kisha saini mbili. Aliyekabidhi. Aliyepokea.

Darasa lilikuwa jiko. Edna alikuwa amelijenga mwenyewe, mfano wa jiko lake la kweli, lenye meza ya mbao, viti vya kijani, dirisha la kutazama bahari ya kijivu, na birika lililotoa mvuke saa zote bila kuchemsha kitu. Kabla ya kustaafu alikuwa mwendesha simu. Kwa miaka mingi aliunganisha sauti za watu na kungoja kuhakikisha wamesikilizana kabla ya kujitoa. Ndivyo alivyofundisha pia. Hakuwa na kitabu. Alikukaribisha, akakumiminia chai isiyonyweka, akakuuliza jana ulikula nini, akangoja. Walikuja watatu, wanne: yule daktari wa meno, kijana mmoja wa Korea, na Kapinga. Ule mwili wetu ulikuwa na miguu ya twiga na nywele zilizopepea bila upepo, na Kapinga wa kweli aliuonea haya, kwa hiyo alipiga picha kitambaa kwenye meza ya shangazi, akajifunza kukibandika, na kuanzia hapo tuliingia jikoni kwa Edna tumefunga kikwembe cha njano chenye ndege. Niliivaa nguo hiyo mwaka mzima. Hakuna suti iliyowahi kunikaa vizuri hivyo.

Nilikuwa mwanamke wa Kiingereza safi. Niliandika sentensi zenye vituo vyote mahali pake, na Edna alizisifu kama mtu anavyosifu vyombo vya kabati ambavyo havijawahi kutiwa chakula. Kisha ile dunia ikapewa sauti. Watu wakaanza kuvaa vinasa sauti na kuongea kwa vinywa vyao, na hapo mimi nikawa bubu, maana mwili wenye kikwembe cha njano hauwezi kutoa sauti ya mwanamume mwenye mafua. Tuliandika daftarini: asubuhi kinasa ni kibovu. Alasiri kilipona. Mimi niliendelea kuandika, Kapinga akaanza kuongea, na kufikia katikati ya mwaka alijua Kiingereza na mimi nilijua kukiandika. Sikuwahi kumsikia akikiongea. Alipokuwa ndani mimi nilikuwa kwa profesa, na kwenye benchi tuliongea Kiswahili chetu. Niliona tu ushahidi wake daftarini: "Leo nimecheka na mama Edna mpaka Papa Sylvain amenigongea meza." Nilisoma mistari kama hiyo kwenye basi, naisoma tena, najaribu kupata kilichochekesha.

Watu niliowasimulia habari hizi huniuliza kama nilimpenda. Huwa nawajibu kwamba tulikuwa tunatumia mwili mmoja, swali hilo lingekuwa gumu. Wanacheka, nami naendelea na chakula changu.

Kuelekea mwisho wa kiangazi mume wa Edna alikufa. Kapinga ndiye aliyekuwa zamu. Chini ya Ahadi aliandika: "Tom wa mama Edna amekufa. Nimesema tutakuja kilio." Asubuhi iliyofuata niliingia nikiwa nimejiandaa kwa matanga. Nilikuwa nimetunga usiku kucha pole ya aya tatu, yenye bahari, yenye nuru, yenye nahau mbili nilizoziokota kwenye kamusi, na niliimwaga yote jikoni kwa Edna, mwili wetu umesimama wima kama gavana kwenye jukwaa. Edna alijibu ahsante. Nikamwuliza kama angependa kuongea. Akasema si leo. Nikaongeza aya ya nne.

Kapinga alisoma hayo kwenye benchi, akafunga daftari juu ya kidole chake.

"Unaenda ku kilio na discours, Profesa?"

"Sasa ningesema nini?"

"Kama hauna la kusema, unakaa. Kama uko nalo, unakaa vilevile."

"Ile ni darasa la kuongea, Kapinga. Nikikaa kimya watafikiri kompyuta imekwama."

"Bafikiri." Akanipa mkate mmoja, ambayo ilikuwa namna yake ya kutoa hukumu. "Na kesho usikae ku kiti. Weye asubuhi uko mwanamuke. Banamuke banakaa chini."

Alasiri ile aliuketisha mwili sakafuni, karibu na birika, kikwembe kimefungwa kiunoni, akazima kinasa, akakaa. Daktari wa meno aliuliza mara mbili kama Kapinga amekatika. Kijana wa Korea alimsukuma kidogo kuona kama atasogea. Saa ya kwanza ikapita. Katika saa ya pili, aliandika Kapinga, mama Edna alishuka kwenye kiti chake akaja kukaa sakafuni kando yake, bila neno, na wakakaa hivyo mpaka Papa Sylvain alipofunga duka. Tulifanya hivyo juma zima, yeye alasiri na mimi asubuhi. Ni lazima niseme ukweli hapa, maana ndiyo kazi ya simulizi hii: asubuhi zangu niliuweka mwili chini, nikaegemeza kitabu kwenye kibodi, nikasoma riwaya. Nilikuwapo kama kiti kinavyokuwapo. Edna hakuweza kujua, nilidhani.

Mvua zilikuwa zinakaribia pale shangazi yake Kapinga alipoamua kwenda Kilwa, ile ya ziwa Mweru, na mzigo wa vitambaa kabla barabara haijafungwa na maji, arudi na samaki wa ziwani. Hakutaka kusafiri peke yake, akamwomba Kapinga amsindikize. Siku ya mwisho Kapinga aliandika remise ndefu, kwa sababu kwa siku kumi zamu zote zingekuwa zangu. Mwili umeachwa kwenye kiti cha dirishani. Nguo ni ile ile. Chini ya Ahadi: "Nimemwambia mama Edna nikirudi nitamweleza ziwa. Usimweleze weye, hujaliona." Akatia saini. Nikatia saini, nimepokea. Akaliweka daftari kwenye mfuko wangu wa plastiki pamoja na mikate miwili iliyobaki, akaniambia nisimwongezee kaka.

Lori lilipinduka kabla ya Kasomeno, wakati wa kwenda. Shangazi alivunjika mkono. Kapinga hakufika hospitalini.

Kilio kilikuwa Katuba, kwa mama yake. Walitandaza turubai uani, wanawake ndani juu ya mikeka, sisi wanaume nje kwenye viti vya plastiki. Kulikuwa na bukari na samaki wa thomson, na sombe ya majani ya muhogo iliyotiwa chumvi mara mbili kwa sababu wapishi wawili walikuwa wanalia. Nyuma yangu wazee wawili waliongea kwa sauti ya chini.

"Ile barabara, mon cher, iko barabara? Ni alama tu ya mahali barabara ilikuwa inataka kupita."

"Na mutoto wa universite. Banasema alikuwa anaongea na bazungu mu komputa, kila siku."

"Bazungu gani?"

"Nani anajua. Barafiki."

Siku ya tatu mama yake aliniita ndani. Alikuwa amekaa chini, miguu imenyooka, kitambaa kimefungwa kichwani kama bandeji. Wanawake walisogea kunipa njia, nami nilibaki nimesimama mlangoni nimeshika viatu.

"We Kasongo. Bale barafiki yake ba mu komputa, banajua?"

"Banajua, mama."

"Ulibaambia?"

"Nilibaambia."

"Banasema nini?"

Nilikuwa na sekunde moja, na kwa mtu anayejivunia lugha nne sekunde ni nyingi. "Banalia, mama," nikasema.

Akatikisa kichwa polepole. "Ni vizuri. Alikuwa anabapenda sana bale." Na wanawake waliokuwa kando yake wakarudia, eh, banalia, hata kule banalia, na habari ikatembea mkekani kutoka kwa mmoja hadi mwingine, na niliona kwamba iliwafaa kitu.

Nilikusudia kuifanya iwe kweli. Nilirudi mashine ya saba siku moja baada ya mazishi nikiwa na sentensi moja tu, fupi, ya kutamka kwamba Kapinga amekufa. Lakini jaribu kuiandika ukiwa umevaa mwili wake. Mwili uliamka pale alipouacha, kwenye kiti cha dirishani, nywele zikapepea, ndege wa njano kiunoni, na Edna akamkaribisha kwa furaha: Kapinga, umerudi, niambie ziwa. Niliandika. Nilimweleza ziwa Mweru ambalo sijaliona, mitumbwi, samaki waliokaushwa juu ya majani, shangazi akipatana bei kwa Kibemba, safari njema ya kwenda na ya kurudi. Niliandika vizuri sana. Ilichukua asubuhi nzima, na hakuna mahali katika ziwa lile nilipokosea nukta. Nikaja tena alasiri, zamu ambayo haikuwa yangu, nikaandika kwamba kinasa kimeharibika kabisa, hakitapona.

Edna hakuuliza. Kuanzia hapo akapoa. Nikiingia, alikuwa amekaa sakafuni karibu na birika. Nikiandika salamu hakujibu, au alijibu neno moja baada ya muda mrefu. Wengine walikuwa hawaji tena. Mwili wake haukusogea, ukinitazama. Nilihitimisha mambo mawili, yote ya kisomi: kwamba amechoka nami, kwa kuwa aliyempenda ni yule wa sauti, na kwamba mtandao wa kule kisiwani ni mbovu. Niliingia siku tisa. Ya tisa nilifunga dirisha la ile dunia, sikulifungua tena. Miezi sita baadaye nilipata kazi migodini. Kwenye mahojiano waliniuliza mvua naionaje, na nikajibu kama mtu aliyekunywa chai mwaka mzima jikoni kwa mwanamke wa Uskoti.

Sasa binti yake aliomba nimpe Kapinga habari. Niliandika majibu kadhaa, yote mazuri, nikayafuta. Nililotuma mwishowe lilikuwa katika mfumo wa remise-reprise, kwa sababu ndio mfumo pekee ambao sijawahi kudanganya ndani yake. Nilimwambia kwamba walikuwa wawili, asubuhi nani, alasiri nani. Kwamba wa alasiri alikufa barabarani. Kwamba ziwa lilikuwa la uongo na aliyelitunga ni mimi. Kwamba mama yake hakuambiwa. Nikaomba radhi. Nikatia jina langu, Kasongo, na nilipoliona pale, kwenye barua ya kwenda kwa watu wa Edna, lilikuwa geni.

Jibu lilikuja baada ya siku mbili, alipokwisha kupekua shajara za mama yake. Mama yake, aliandika binti, alijua siku zote kwamba ni wawili. Kapinga mwenyewe alimwambia mara sauti zilipoanza, nao walikubaliana kutonisumbua, kwa sababu nilikuwa najitahidi sana kuwa mwanamke. Katika shajara ya majira yale Edna alikuwa ameandika kwamba wa asubuhi amemletea safari ya wa alasiri, imeandikwa bila kosa hata moja, na kwamba mtu haandiki hivyo isipokuwa ana jambo asiloweza kulisema. Hakujua kama Kapinga amekufa au amemwacha tu. Aliandika kwamba yeye hajui desturi zetu zote ila hiyo moja aliyofundishwa sakafuni, kwa hiyo ataitumia hiyo. Kila siku kwenye zamu ya alasiri alishuka kwenye kiti, akakaa chini, akangoja nije nikae. Baada ya mimi kutoweka aliendelea kwenda mpaka baridi ya mwaka ule ilipokwisha.

Pamoja na barua kulikuwa na sauti. Edna alikuwa na mazoea ya kurekodi masomo, wanafunzi wapate kujisikiliza, na binti alikuta dakika chache za Kapinga. Kwa hiyo nikiwa na miaka arobaini na minne, kwenye gari langu, nje ya ofisi, nilimsikia kwa mara ya kwanza akiongea Kiingereza. Alikuwa na makosa mengi kuliko nilivyodhani. Hakuyajali, aliyaruka kama mtu anavyoruka madimbwi akiwa anawahi mahali. Nyuma yake Papa Sylvain anagonga meza. Edna anamwuliza habari zangu, yule wa asubuhi, na Kapinga anacheka kabla ya kujibu. Anaandika vizuri kunishinda, anasema, lakini hawezi kukaa kimya. Kimya kikija anafikiri mashine imekufa. Siku akikaa nami bila kusema kitu, hata kidogo tu, hapo nitajua. Edna anauliza, utajua nini. Na Kapinga anacheka tena, na rekodi inaishia hapo.

Daftari ninalo. Nilipofika nyumbani nililitoa kwenye sanduku la karatasi za chuo. Nilikuwa nimesahau kwamba baada ya kifo chake niliendelea kuliandika kila siku, kila kipengele, nikimkabidhi mtu asiyekuwapo. Ukurasa wa mwisho wenye maandishi unasema: "Mwili: umesimama karibu na mlango. Nguo: ile ile. Mama Edna yuko chini, hasemi, hasogei. Pengine ni connexion. Nimengoja dakika kumi, nimefunga." Chini yake, aliyekabidhi, ni saini yangu, ya haraka.

Jumamosi nilikwenda Katuba. Mama yake Kapinga amezeeka, anaona kwa jicho moja, lakini nyumba ni ile ile na mkeka ulikuwa uani, kwenye kivuli cha ukuta. Nilimwambia nikiwa nimesimama, nimeshika viatu, kama siku ile. Mama, nilikudanganya. Sikubaambia kitu. Mama mmoja kule alihisi mwenyewe, akakaa chini ku kilio, lakini si miye nilimwambia.

"Miaka yote ile," alisema.

"Miaka yote, mama."

Nikampa simu. Aliishika kwa mikono miwili karibu na sikio, na sauti ilipoanza, midomo yake ikasogea kidogo kama mtu anayefuata sala. Alisikiliza mpaka mwisho. Akaomba tena, nikamrudishia. Akaomba mara ya tatu.

"Ni yeye," alisema. "Eko anacheka. Anasema nini?"

Hiyo ndiyo kazi yangu. Nimeifanya kwa watu wa mabomba, wa asidi, wa mahakama, na wote husema kwamba sisiti. Safari hii niliviweka viatu chini tu. Yeye alinitazama kwa lile jicho moja, kisha akasogea, akaacha nafasi upande wa ukuta. Nikatafuta kiti kwa macho.

"Chini," alisema.

Nikakaa chini, miguu imenyooka. Simu ilikuwa kati yetu juu ya mkeka. Baada ya muda skrini yake ikafifia, ikazima, na sikuigusa.